Aliyemkalia Mkamwana Mdomoni

Silaha ya Mzee Yohane ilikuwa kiti. Kiti cha plastiki, cheupe kilichogeuka njano, mguu mmoja umefungwa waya. Alikiweka mlangoni pa wodi ya wazazi, akakaa, akafunga vifungo vya koti hadi shingoni maana baridi ya Mbeya mwezi wa Juni haina adabu kwa wazee, akaibana fimbo katikati ya magoti. Hakutukana mtu. Hakupandisha sauti. Alikaa tu. Na kwa kukaa kwake pale, mwanamke mmoja mle ndani alikuwa amezibwa mdomo kama chupa iliyopigwa kizibo.

Mwanamke huyo ni Esnath, mke wa mwanawe. Kitanda chake kilikuwa cha pili kutoka mlangoni, na tangu mzee aketi alikuwa amejigubika kitenge kuanzia utosini, tumbo limenyanyuka chini ya nguo kama kichuguu. Asiyejua angedhani anaumwa kichwa. Mnyakyusa wa zamani angejua. Kwao mkamwana na baba mkwe ni moto na petroli. Mwanamke hamtazami mkwewe usoni, hali naye, hamsemeshi, wala jina lake halitamki. Wakikutana njiani, mwanamke anazama migombani mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wameachana na mambo hayo. Tukuyu mjini utamkuta mkwe na mkamwana wanagombea rimoti ya televisheni. Lakini Mzee Yohane hakuachana nayo. Kwake mwiko ulikuwa mkali kuliko ulivyokuwa kwa baba yake mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameshaionja faida yake: mtu asiyeruhusiwa kukusemesha hawezi kukukatalia.

Habari yenyewe ilianzia Iringa. Esnath alikuwa na mabinti wawili, wote walitolewa kwa kisu, wakati yeye na mumewe Gwakisa wanaishi Mlandege na Gwakisa anatengeneza pikipiki. Baada ya yule wa pili, daktari wa kule alimwambia bila kumpaka asali: kovu limekuwa jembamba, mimba ya tatu ni hatari, ya nne ni jeneza. Mimba ya tatu ikaja hata hivyo, maana mimba haisomi onyo. Mume na mke wakakaa, wakaongea, wakakubaliana. Safari hii akipasuliwa, afungwe mirija hapo hapo, yaishe. Gwakisa akaenda Makongolosi kutafuta dhahabu, Esnath akaja kwa wakwe zake Rungwe kusubiri siku zake, na huko akamweleza mama mkwe, Bertha, akidhani anamwambia mwanamke mwenziwe.

Bertha ni mtu mwema, ila siri kwake ni kama maji kwenye tenga. Ugali haujaiva, mzee keshajua.

"Afunge?" aliuliza, kijiko mkononi. "Mlango wa ukoo wangu unafungwa, na mimi sijaulizwa?"

"Tumbo ni lake, baba Gwakisa," Bertha alisema. "Na mumewe amekubali."

"Ng'ombe wa mahari walitoka zizi la nani?"

Kwa swali hilo Bertha alikuwa amenyamazishwa tangu ujana wake.

Mzee Yohane alikuwa na mtoto wa kiume mmoja tu aliyebaki. Alikuwa na shamba la chai, migomba, na miparachichi aliyoipanda kwa mikono yake. Na alikuwa na Dastan, mtoto wa marehemu kaka yake, ambaye kila Jumapili baada ya ibada alipita mpakani polepole, mikono nyuma, kama mtu anayepima kaburi. "Baba mdogo," alimwambia siku moja, anatabasamu, "Gwakisa naona Mungu amempa wakwe watupu, mrithi hana." Neno hilo lilimkaa mzee kooni kama mwiba wa samaki. Alitaka mjukuu wa kiume. Madaktari, alisema, kazi yao kutia watu hofu. Mama yake yeye alizaa kumi na mmoja na akafa kwa uzee. Hakumtakia Esnath kifo. Hakumtakia kitu chochote. Kwake alikuwa njia tu ya kupitia mtoto, na njia haiulizwi kama imechoka.

Kwa hiyo siku za Esnath zilipowadia na Bertha hawezi kusafiri kwa sababu ya mguu, mzee alisema, "Nitampeleka mimi." Watu wakashangaa: tangu lini? Wakasafiri kwa gari la jirani, mzee mbele na dereva, Esnath nyuma na mke wa jirani, amejifunika. Njia nzima hapakuwa na neno. Mke wa jirani akamkabidhi wodini, akarudi zake. Mzee akaenda kutafuta kiti.

Wodi hiyo ilikuwa chini ya Sista Devotha, Mbena wa Njombe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alimruhusu mzee akae mlangoni kwa kuwa mgonjwa hakuwa na ndugu mwingine. Asubuhi ile ile Esnath alijikokota kwenda chooni, na aliporudi akamvuta sista mkono pale kwenye kona ya sinki. Hakuwa anaonekana na mzee, ila masikio ya mzee yalikuwa bado mazima.

"Sista, tafadhali. Niandikie kwamba nataka kufungwa. Mume wangu anajua."

"Mume wako yuko wapi?"

"Makongolosi. Simu haipatikani, yuko chini kwenye duara."

"Ahaa. Yuko chini ya ardhi." Devotha hakujua kunong'ona. "Sikiliza, mama. Mwaka jana nilimwandikia mwenzio hivi hivi, kwenye kona hivi hivi. Mume akaja kunikaba koo hapo unapoona ndoo. Yule mwanamke akageuka, akasema hakuambiwa. Mimi sirudii. Daktari akipita raundi, sema. Nisikie mimi, asikie daktari, asikie na huyo mkwe wako. Basi, nitaandika hata kwa wino mwekundu."

"Sista, mbele yake siwezi kusema."

"Kwa nini? Huna ulimi?"

"Ni mwiko kwetu. Siwezi. Na sheria si inasema mtu mzima anaamua mwenyewe?"

"Sheria naijua kuliko wewe. Sheria haiji kunitoa mikono ya mtu shingoni. Nenda kalale."

Mzee Yohane alishika fimbo yake vizuri. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha akaona aibu kidogo kumwingiza Mungu, kisha aibu ikapita.

Raundi ilipofika, alikuja Daktari Crispin, kijana wa Kihehe kutoka Iringa, macho mekundu kwa kukesha. Alisimama penye kitanda cha Esnath, Devotha ubavuni kwake.

"Mama, kesho asubuhi tunakupasua. Hii ni mara ya tatu, na nimeona maelezo uliyokuja nayo. Kule waliandika mlishazungumza habari ya kufunga mirija. Ni jambo la kudumu, halifunguliwi kama kamba ya kiatu. Nataka nisikie kwako. Bado unataka?"

Kitenge kikatikisika. Hakikusema.

"Mama?"

Mzee akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Kilikuwa cha mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Daktari, hataki."

"Wewe ni nani, mzee?"

"Mkwewe. Mimi ndiye niliyemleta."

"Ahsante. Ila namuuliza yeye."

"Muulize," mzee alisema, akanyoosha miguu. "Nani amekukataza? Muulize hata mara kumi."

Daktari akauliza tena. Akainama, akauliza kwa sauti ya chini. Pembeni mwa kitenge vidole vilichomoza, vikashika chuma cha kitanda hadi vikawa vyeupe kwenye maungio, lakini daktari alikuwa anatazama pale ambapo uso ungekuwepo, hakutazama vidole. Mzee ndiye aliyeviona. Aliviona, akatazama pembeni.

Sasa, Crispin hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mhehe. Kwao mkamwana hupiga magoti mbele ya mkwe, akainamisha kichwa, akapokea neno. Akiwa na la kupinga, analisema kwa upole, sauti ndogo, lakini analisema. Asiposema, maana yake amepokea. Hivyo ndivyo mama yake alivyoishi, na shangazi zake, na akili ya mtu aliyekesha hukimbilia nyumbani kwao.

"Haya," alisema, akasimama. "Neno la mkubwa amelipokea. Sista, mirija hapana."

Wakaenda kitanda kinachofuata. Mzee Yohane alisikia kitu chepesi kikipanda kifuani mwake, kama furaha ya mtu aliyeuza ng'ombe mgonjwa na mnunuzi hajagundua.

Kwenye kitanda cha tatu alikuwa binti mmoja mjamzito na bibi yake aliyekuja kumhudumia, Bibi Tusekile, Mnyakyusa wa Mwakaleli, meno machache lakini yaliyobaki yote yanauma. Alikuwa ameona yote. Alitoka na birika la chai ya tangawizi, akasimama mbele ya kile kiti, karibu sana.

"Gwe mzee. Umemkalia mtoto wa watu mdomoni."

"Nimekaa kwenye kiti, bibi."

"Hicho kiti miguu yake iko juu ya ulimi wa mtoto. Usinifanye mimi Mzungu. Najua unachofanya, na wewe unajua kwamba najua."

"Nalinda mila zetu. Nyie ndio mmeziuza."

"Mila ipi?" Bibi alicheka, akamwaga chai kidogo kwenye kiatu cha mzee na hakuomba radhi. "Mila inasema mkwe asisogee alipo mkamwana. Inakubana wewe kwanza! Baba mkwe wangu mimi, nikiwa naumwa uchungu, alihama nyumba akalala kwa jirani. Alihofia hata kusikia sauti yangu. Huyo ndiye mkwe. Wewe umemfuata mtoto mpaka kitandani halafu unasema yeye ndiye asivunje mwiko."

"Sijaingia ndani. Niko mlangoni."

"Mfarisayo! Unapima dhambi kwa rula."

"Bibi, ondoka hapa kabla sijasahau umri wako."

"Umri wangu usiusahau, ni mkubwa kuliko wako. Huyu binti akipasuka tumbo mwakani, utakuja na kiti hicho makaburini? Utakaa wapi, kichwani au miguuni?"

Wanawake wawili watatu wakaguna. Mzee akawatazama wote kwa zamu. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kuhesabiwa, na hapa anasutwa na kikongwe mbele ya wanawake wenye matumbo. Lakini hakunyanyuka. Aliyenyanyuka ni Bibi Tusekile, akamfuata sista, akamweleza habari yote, mkono unarushwa huku na huku. Jibu la Devotha lilisikika hadi uani.

"Bibi, mambo ya kabila lenu mkamalizie kwenu. Hapa tunapima presha."

Jioni jua lilipokuwa linaegemea mlima, mzee alimsikia Esnath akijaribu simu. Ile sauti ya kike ya mtandao ikasema namba haipatikani kwa sasa. Akajaribu tena. Mwanamke wa mtandao hakuchoka kusema, na Esnath hakuchoka kumsikiliza. Mwisho akaiweka simu kifuani. Mzee alikwenda kulala kwa muumini mwenzake Mwanjelwa, akala vizuri, akaomba vizuri, akarudi kabla jua halijapanda.

Walipomtoa Esnath kwenda kupasuliwa, walimlaza kwenye machela ya magurudumu, wakamsukuma kwenye korido ndefu inayonuka dawa. Mlangoni pa chumba cha upasuaji Daktari Crispin alikuwa anasubiri, amevaa nguo za kijani, barakoa imening'inia shingoni. Leo alikuwa amelala kidogo. Macho yalikuwa yamerudi mahali pake. Alimzuia msukuma machela kwa mkono.

"Ngoja. Sijaridhika na jana. Mama, ile ya jana mimi nilisikia sauti ya mzee tu. Sheria inanitaka nisikie yako. Nakuuliza mara ya mwisho, na ukinyamaza sifungi kitu. Habari ya mirija, unasemaje?"

Mzee Yohane alikuwa ameshafika. Alikuja mbiombio na fimbo yake, akasimama ubavuni mwa machela, karibu kiasi kwamba aliyejifunika kitenge, akitazama chini kupitia upindo, angeviona viatu vyake. Viatu vile Esnath alivijua. Kila mara alipoviona kwenye njia ya nyumbani aliruka migombani.

Korido ilikuwa na watu. Devotha alikuwepo na chupa ya maji ya dripu mkononi. Bibi Tusekile alikuwepo, maana mjukuu wake alikuwa wa pili kwenye zamu. Kulikuwa na wanawake wengine wa Rungwe waliokaa kwenye benchi na vikapu vyao.

"Nilishasema jana," mzee alisema. "Mnachelewesha mtoto bure."

Akasogea hatua nyingine.

Kitenge kikatikisika, kama jana. Kisha kikaanza kuteleza. Mkono mmoja ulitoka, ukashika upindo, ukavuta. Esnath alijiinua kwa kiwiko, kwa shida, na kitenge kikaanguka mabegani.

Mzee aliuona uso wake. Miaka yote ile hakuwahi kuuona kwa karibu. Alijua mgongo wake akikimbia, alijua rangi ya vitenge vyake, alijua ugali wake. Lakini uso huu, wenye mashavu yaliyovimba kwa mimba na kidoa cheusi chini ya jicho, angeupita sokoni bila kuujua. Na macho yalikuwa yanamtazama yeye. Hayakushuka.

"Yohane," Esnath alisema.

Kwenye benchi mwanamke mmoja aliangusha kifuniko cha hotpoti, kikaviringika kwenye sakafu na hakuna aliyekifuata.

"Yohane, toka hapa. Nina maneno na daktari. Hayakuhusu."

Hakupiga kelele. Mzee angependa apige kelele, angejua la kufanya na mwanamke anayepiga kelele. Lakini aliongea kama mtu anayemfukuza mbuzi wa jirani kwenye mboga zake. Na mwili wa Mzee Yohane ukamsaliti. Kichwa kilikuwa bado kinatafuta neno, lakini mikono, ambayo ilifundishwa utotoni na baba yake na babu yake kwamba mkwe akionwa uso kwa uso na mkamwana ajifunike na kukimbia, ilikuwa tayari imelishika koti na kulivuta juu ya kichwa. Alijikuta gizani, ndani ya harufu ya jasho lake na moshi wa jikoni kwake, amegeukia ukuta.

"Kimbia, Yohane!" Bibi Tusekile alipiga kigelegele. "Kimbia, umeonekana!"

Benchi zima likacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha wanawake walioruka migombani maisha yao yote.

"Daktari!" mzee alifoka kutoka ndani ya koti. "Usimsikilize! Amerukwa na akili! Mwanamke mwenye akili timamu hatamki jina la mkwewe! Sheria yenu si inataka mwenye akili? Huyu hana! Waulize hao, wote ni Wanyakyusa, waulize!"

Ilikuwa hoja, na daktari aliipokea kama hoja. Alimgeukia Esnath.

"Mama, niwie radhi, lazima niulize. Uko wapi?"

"Niko Mbeya, hospitali. Nimelala kwenye machela ya baridi."

"Leo siku gani?"

"Jumatano. Nina mabinti wawili, mume wangu ni Gwakisa, yuko Makongolosi. Na kati yangu na huyo, aliyejifunika koti kichwani anaongea na ukuta ni yeye, siyo mimi."

Hata Devotha alicheka, akajifanya anakohoa.

Daktari Crispin hakucheka. "Jana ulinyamaza kwa sababu gani?"

"Kwa sababu alikuwa ameketi pale. Nilimwambia sista. Sista akaniambia niseme mbele yake au ninyamaze."

Devotha akaacha kukohoa. Daktari alimtazama, naye akaitazama chupa ya maji kana kwamba ndiyo imeanza leo kuvutia.

"Tutaongea, sista," daktari alisema. Kisha akasogea ukutani. "Mzee. Ulijua kwamba hawezi kusema mbele yako?"

Koti halikujibu.

"Nimeuliza, ulijua?"

Kimya.

"Mimi jana nilichukua kimya chake kuwa amekubali neno lako. Na hiki chako nikichukulieje?"

"Na wewe dokta usijifanye hakimu," Bibi Tusekile aliingilia, mkono kiunoni. "Ungemtoa huyu mzee jana, ukamuuliza binti akiwa peke yake, tusingefika hapa. Umesoma miaka yote hiyo kuuliza swali mbele ya mbwa anayemlinda mbuzi?"

"Ni kweli," daktari alisema kwa ukali, kama mtu anayetema. "Ingizeni machela. Ndugu wote mbaki huku. Nitamuuliza ndani, yeye na mimi na shahidi mmoja, na atasema anachotaka kusema. Akitaka hivi, sawa. Akitaka vile, sawa. Akibadilisha njiani, sawa pia."

Milango miwili ikafunguka, ikapishana, ikatulia. Mzee alipotoa kichwa kwenye koti aliuona mlango tu. Na hapo ndipo ilipomjia: yule mwanamke hakuwa amesema. Alimfukuza yeye, lakini neno lenyewe, la ndiyo au hapana, hakulitoa. Alilibeba akaingia nalo.

Alisubiri uani, kando ya kuta za baridi, mbali na benchi la wanawake. Alijaribu kujipa moyo. Pengine ameogopa. Pengine kule ndani, akiona visu, amesema aachwe. Pengine amesema afungwe. Kila pengine ilikuja na ndugu yake.

Habari ya mtoto aliipata kwa Bibi Tusekile, aliyetembea uwanja mzima kuja kumpa, akiwa anang'aa.

"Msichana! Mzima, ana sauti kama baragumu. Na mama mzima. Hongera, babu wa wasichana watatu."

Mzee alimpita bila kujibu, akamkuta Devotha kwenye dirisha la manesi.

"Sista. Yule wangu. Wamemfunga?"

"Mama na mtoto wazima, mzee."

"Hilo nimesikia. Nauliza wamemfunga?"

Devotha alikuwa ameshasemwa na daktari. Ilionekana jinsi alivyobana midomo. Na mtu aliyesemwa hutafuta naye wa kumsema. "Hiyo ni siri ya mgonjwa."

"Jana hukuwa na siri! Jana ulikuwa unapiga kelele kwenye sinki!"

"Jana ilikuwa jana. Muulize mwenyewe mgonjwa. Anayefuata!"

Simu ya Gwakisa ilipatikana alasiri. Nyuma yake mashine za kusaga mawe zilikuwa zinanguruma.

"Shikamoo baba. Nimeshasikia, Esnath amenipigia."

"Marahaba. Amekuambia nini?"

"Mtoto wa kike. Wote wazima. Amenieleza na mengine."

"Hayo mengine ndiyo ninayouliza. Amefungwa, hajafungwa?"

"Muulize mwenyewe, baba. Si nimesikia mmeshaanza kuongea?"

"Gwakisa! Mimi ndiye niliyetoa ng'ombe!"

"Ulitoa, na walikwenda kwa baba yake. Basi kamuulize baba yake kama binti yake kafungwa." Gwakisa alicheka, kicheko ambacho hakikuwa na baba wala mtoto ndani yake. "Ulimkalia mlangoni, baba. Mke wangu. Ukijua kovu lake limefikia wapi. Nikitoka huku nitakuja kumchukua, yeye na watoto wote. Tutarudi Iringa." Simu ikakatika, au ikakatwa.

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, watu waliingia wodini na vikapu. Mzee Yohane aliingia nao. Alijiambia anakwenda kumwona mtoto, damu yake. Alipofika mlangoni, mazungumzo yalikatika kitanda kwa kitanda, kama mtu anazima taa.

Esnath alikuwa ameegemea mto. Mtoto alikuwa kifuani, ananyonya. Kitenge kilikuwa kiunoni. Uso ulikuwa wazi, umechoka, wa kijivu kwa damu iliyopotea, na aliugeuza taratibu mpaka ukamkuta mzee. Safari hii mikono ya mzee haikukimbilia koti. Labda nayo ilikuwa imechoka.

"Karibu," Esnath alisema. "Nasikia una swali. Umemuuliza sista, umemuuliza mume wangu. Mimi ndiye mwenye jibu. Uliza."

Bibi Tusekile aliweka birika chini ili asikie vizuri. Wanawake wa Rungwe walikuwepo, watatu au wanne, na kabla hajafika stendi habari ingekuwa imeshatangulia kijijini, imekaa kwa Dastan, imekunywa chai. Akiuliza, amemsemesha mkamwana wake mbele ya mashahidi, kwa kinywa chake mwenyewe, na mwiko wote aliokuwa anaukalia ameuvunja yeye. Asipouliza, atarudi mlimani na miparachichi yake bila kujua kama kuna mjukuu wa kusubiri au hakuna, mwaka huu, na mwakani, na mwaka wa kufa kwake.

"Uliza," Esnath alirudia. "Sina mtu mlangoni."

Mzee Yohane akafungua mdomo. Ukakaa wazi, na wodi nzima ikausubiri, na Esnath naye akausubiri, bila kumsaidia, huku akimhamisha mtoto ziwa la pili.